Kichanja Kilichomzidi Mama Kimo

Mimi ni fundi simu. Nina kibanda mtaa wa Mwanga, hatua chache kutoka sokoni, na mbele yake nimeandika kwa rangi nyekundu kwamba hapa mawasiliano yaliyokatika hurejeshwa. Naanza na hilo ili anayetaka kucheka acheke mapema, maana yanayofuata yanahusu msimu ambao mimi, mrejeshaji wa mawasiliano ya watu, niliyakata ya nyumbani kwetu kwa ulimi wangu mwenyewe, huku nikijiona ninafanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Mama yangu anakausha dagaa Kibirizi, ufukweni mwa ziwa. Boti zikirudi asubuhi ananunua dagaa wabichi, anawatandaza juu ya mchanga, na jua likipanda anawageuza. Kugeuza dagaa mchangani ni kazi ya kuinama. Unainama asubuhi ukiwa na akili zako, unainuka mchana umesahau jina lako. Mama ameinama hivyo tangu kabla sijazaliwa, nasi watoto tumekula, tumevaa na tumesoma kwa mgongo ule. Mwaka ninaousimulia, magoti yalianza kumkatalia. Hakumwambia mtu. Tulijua tulipomkuta anageuza dagaa akiwa amekaa chini, anajisogeza kidogo kidogo, na mama si mtu wa kukaa chini mbele za watu.

Habari zikamfikia kaka yetu mkubwa anayeishi Dodoma. Zilimfikia kupitia kwangu, kama habari zote. Kaka akasema chumba kipo, kitanda kipo, na kwamba mvua za kwanza zikimkuta mama bado anainama mchangani, atakuja mwenyewe kumchukua. Nilipompelekea mama maneno hayo, aliuliza swali moja tu.

"Dodoma kuna ziwa?"

"Hakuna, mama."

"Sasa nikiamka nitakuwa natazama nini?"

Mama akarudi kwenye dagaa wake na mimi nikabaki nimesimama na viatu vimejaa mchanga. Nilijua kwamba akipelekwa Dodoma atakaa ukumbini na rimoti ya televisheni mkononi, na tutakuwa tumemzika akiwa hai.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kichanja. Vichanja vipo Kibirizi, vya miti na wavu, lakini mvua ikija ghafla unabeba dagaa mikononi na kukimbia. Sisi tulitaka kichanja cha chuma chenye wavu wa waya na paa la plastiki linalovutwa kwa kamba, wingu likitokea mtu anavuta tu na kuendelea na mazungumzo yake. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ni fundi wa kuchomelea vyuma huko Rusimbi, hodari kwelikweli. Kwa hiyo tulikuwa timu ya watu watatu. Mama alijua dagaa, shemeji alijua chuma, na mimi nilijua wao wawili.

Shida ilikuwa moja. Katika ukoo wetu, mama mkwe na mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Najua wengi mjini wameshaacha. Utawakuta mkwe na mama mkwe wanatazama mpira pamoja na kupokezana bisi. Mama yangu hakuacha. Shemeji akitokea njia hii, mama anaingia njia ile. Wakibanana mahali pasipo na pa kukimbilia, mama hujifunika kanga usoni, shemeji hugeukia ukuta na kuuambia ukuta, "Shikamoo mama," na mama hujibu kutoka ndani ya kanga, "Marahaba, mkwe." Wanapendana sana, tena kwa namna hiyo hiyo. Kikawaida maneno yao hupitia kwa dada yangu, lakini dada anafundisha Kasulu na huja likizo tu. Basi kazi ya kupeleka maneno ikaniangukia mimi.

Haikuniangukia kwa bahati mbaya. Niliitegea mikono.

Niseme kidogo kuhusu kofia. Wakati fulani nilihudhuria semina ya wajasiriamali wadogo, na pamoja na chai na maandazi tulipewa kofia. Humo nilijifunza neno "mratibu". Lilinikaa vizuri mdomoni. Kichanja kilipoanza, nilivaa kofia ile, nikajitangaza mratibu, nikawa napanda bodaboda kutoka Kibirizi hadi Rusimbi na kutoka Rusimbi hadi Kibirizi, simu za wateja zikinisubiri kibandani zikiwa zimefunguliwa matumbo. Wakaushaji wenzake mama walikuwa wakinisifu: mtoto huyu ana akili, mtoto huyu anaunganisha watu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nililitia maji mpaka likawa maji yaliyotiwa tembo.

Ujumbe wa kwanza wa mama ulikuwa huu: "Mwambie mkwe magoti yangu yamekataa. Nataka kitu cha kusimama nacho, nisiiname, na mikono ifike katikati bila kujinyoosha."

Maneno rahisi. Hata kasuku angeyafikisha. Lakini nikiwa nyuma ya bodaboda nilianza kuwaza. Magoti? Nimpelekee mkwe habari za magoti ya mama mkwe wake? Mwili wa mama mkwe haujadiliwi karakana ya kuchomelea, tena mbele ya wateja waliokuja kutengenezewa mageti. Mpaka nafika Rusimbi nilikuwa nimeshautengeneza ujumbe upya, umenyooka, una heshima.

"Mama anasema kichanja kiwe juu, kipate upepo wa ziwa."

Shemeji akavua miwani yake ya kuchomelea. "Kama ni upepo, basi kadiri kinavyopanda ndivyo bora. Lakini nenda na kamba, shemeji. Apimwe akiwa amesimama, nijue mikono yake inafika wapi."

Kumpima mama kwa kamba! Nilimwona mama amesimama wima na mimi nampima kuanzia miguuni kama fundi wa majeneza. Nikasema papo hapo, bila kumuuliza mtu, "Usihangaike, shemeji. Mama ni mrefu."

Mama si mrefu. Mama ananifika kifuani, na mimi mwenyewe kwenye picha za harusi huwekwa mstari wa mbele.

Ujumbe wa pili wa mama ulihusu wavu: matundu yawe madogo, dagaa wachanga wasidondoke. Huo niliufikisha ulivyo, neno kwa neno, kwa sababu siku hiyo nilikuwa na haraka, mteja alikuwa ananipigia kelele kwenye simu. Nimeukumbuka baadaye kwa uchungu. Wavu ndio sehemu pekee ya kichanja kile ambayo haikuwahi kuhitaji marekebisho.

Kisha shemeji akanituma. "Mwambie mama paa bado. Lile kapi la kupitishia kamba linakwama likilowa maji. Asilitegemee mpaka nije nilibadilishe."

Nilimkuta mama amezungukwa na wenzake, wote wakisubiri habari. Wengine walishaanza kusema kichanja kikifanikiwa na wao watataka. Sasa mratibu mwenye kofia atasimama mbele ya wanawake wale aseme kapi linakwama? Nikakohoa. "Shemeji anasema paa limekamilika. Limebaki kupendeza tu."

Vigelegele vikapigwa. Mama akatabasamu. Nililala vizuri sana usiku ule, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo.

Nikitazama nyuma, sioni kama nilisema uongo mkubwa. Kila neno nililolibadilisha, nililibadilisha kwa mapenzi. Mama nilimfichia aibu, shemeji nilimfichia kero, mradi niliufichia mashaka. Lakini mama alikuwa anatengeneza kichanja cha magoti, shemeji anatengeneza kichanja cha upepo, na mtu pekee aliyejua kwamba hivyo ni vichanja viwili tofauti alikuwa juu ya bodaboda anarekebisha kofia isipeperuke.

Kichanja kililetwa Kibirizi kwenye pikipiki ya magurudumu matatu, kimepakwa rangi ya bluu, kinang'aa. Watu walijaa. Shemeji hakuweza kusogea kwa sababu ya mama. Alijificha nyuma ya boti zilizopandishwa nchi kavu na kuchungulia. Kikashushwa, kikasimamishwa, mama akaitwa. Akaja na beseni lake la dagaa kichwani, akasimama mbele ya kichanja, akakitazama. Kisha akakitazama tena, safari hii kutokea chini, maana wavu ulimfika kwenye paji la uso.

"Mwanangu," akasema polepole, "dagaa nitawageuza nikiwa chini yao?"

"Yemwe!" mwenzake mmoja akashangaa. "Labda hawa watageuzwa kwa maombi."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Nyuma ya boti, shemeji alininyooshea mkono akiuliza vipi, mama amekipenda? Nami, Mungu anisamehe, nikamwinulia dole gumba.

Mama hakulalamika. Alitafuta kreti ya soda, akaigeuza kifudifudi, akawa anapanda juu yake kugeuza dagaa, anashuka, anaisogeza, anapanda tena. Magoti yaliyokataa kuinama sasa yalikuwa yanapanda ngazi kutwa. Nilipomuuliza kama nimpelekee shemeji neno lolote, alisema, "Mwambie asante." Huo nao niliufikisha ulivyo.

Siku mvua ya kwanza ilipokuja sikuwapo. Niliyasikia kwa wenzake mama, kila mmoja kwa namna yake, na wote walikubaliana kwenye mambo makubwa. Wingu lilitokea upande wa Kongo, likavuka ziwa upesi, na upepo ukaanza kuinua mchanga. Wenzake walikusanya dagaa wao na kukimbilia kibanda cha karibu. Mama alishika kamba ya paa akavuta. Paa likasogea kidogo, matone ya kwanza yakaanguka, kapi likakwama. Akavuta tena. Likakataa. Dagaa wa siku nzima walikuwa juu kule, kimo cha paji la uso, naye chini na kreti yake, na aliijua ahadi ya kaka kuhusu mvua ya kwanza.

Akachukua simu yake ya kitochi akanipigia mimi. Simu yangu ilikuwa imezimwa. Fundi simu mzima, betri yangu nilikuwa nimeichomoa kujaribishia simu ya mteja.

Namba ya mkwe alikuwa nayo. Dada aliiweka humo zamani kwa ajili ya msiba, na haikuwahi kupigwa. Wenzake wanasema mama aliitazama simu ile kwa muda, mvua ikimnyeshea, kisha akajifunika kanga usoni, ingawa hakukuwa na mtu wa kujifichia, akabonyeza.

Shemeji alipoona jina la mama mkwe kwenye simu, akazima mashine na kuvua miwani. Alipokea akiwa amesimama wima.

"Mama! Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu, mkwe. Dagaa ndio wanakaribia. Paa limekwama."

Kisha shemeji akasema, "Mama, si niliagiza usilitegemee?"

"Mimi niliambiwa limebaki kupendeza."

Hawakuwa na nafasi ya kuendelea na hilo. Shemeji alimwelekeza pale pale: nyuma ya kapi kuna nati, ilegeze kwa mkono, kisha watu wawili wavute pamoja. Mama aliwaita wenzake, akawa anapokea maelekezo sikioni na kuyatoa kwa sauti. Paa likateleza hadi mwisho. Dagaa walilowa pembeni kidogo tu. Walihitaji dakika za mtu kunywa chai, wawili hao ambao mimi nilikuwa nawaunganisha kwa wiki nzima nzima.

Mimi habari zilinifikia Mwanga kupitia mama mmoja aliyekuja kuuza dagaa sokoni. Nilivaa kofia nikarukia bodaboda. Nilifika Kibirizi nimelowa chapachapa, nikakuta mambo ambayo sijawahi kuyaona. Shemeji ameshafika na mkoba wake wa zana. Turubai limetundikwa kando ya kichanja. Mama yuko upande huu wa turubai, uso umeelekea ziwani. Shemeji yuko upande ule, uso umeelekea barabarani. Kati yao mtu angeweza kupitisha sahani ya ugali. Na kila mmoja ameweka simu sikioni, wanaongea.

Hakuna sheria ya ukoo iliyowahi kuzungumzia simu. Kinachokatazwa ni uso, na simu haina uso. Mimi niliyeshinda miaka na simu mikononi sikuwahi kuliwaza hilo, au niseme sikutaka kuliwaza, kwa sababu lingeniacha bila kazi.

"Mama," nikaanza, "nimekuja kuratibu..."

Mama akainua kiganja. "Ngoja. Niko kwenye simu."

Nikangoja. Mvua ilikuwa inapiga plastiki.

"Mkwe," mama akasema, "lakini mbona ulikifanya kirefu hivi?"

"Ilikuwa kwa ajili ya upepo, mama. Nililetewa habari ya upepo."

"Upepo gani? Mimi nilituma magoti."

"Magoti hayakunifikia, mama."

"Na kimo changu hukuuliza?"

"Niliuliza. Nikajibiwa kwamba mama ni mrefu."

Kicheko kilichotoka pale nadhani kilisikika ng'ambo. Wahenga walisema mjumbe hauawi, hawakusema hachekwi. Nikavua kofia, nikaikamua maji, sikuirudisha kichwani.

Mama peke yake hakucheka. Alishika simu kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya chini ambayo shemeji angeisikia hata bila simu: "Magoti yangu yamekwisha, mwanangu. Nisipoweza kusimama hapa, wananipeleka Dodoma. Sitaki kwenda."

Niliumia. Wiki zote zile nilikuwa mbebaji wa maneno yake, na hayo hakuwahi kunipa niyabebe. Labda aliogopa nitayapendezesha.

Upande wa pili wa turubai shemeji aliweka mkoba wa zana chini. Kisha akasema, "Simama wima, mama. Acha mikono ining'inie. Sasa kunja kiwiko kidogo, kama unaosha vyombo. Hapo. Jirani yako achukue mkaa aweke alama kwenye mguu wa kichanja, mkono wako ulipo. Halafu jisogeze, nipite nikate."

Alama ikawekwa. Mama akaondoka akaenda kukaa nyuma ya boti, pale pale shemeji alipojificha siku ya kuleta, na shemeji akatoka na msumeno wa chuma akaikata miguu yote minne. Nilimshikia. Hakunisema. Alisema tu, "Shika vizuri, shemeji, hiyo kazi ya kushika ni nzuri."

Kaka alifika kwa treni siku chache baadaye, na begi tupu la kubebea nguo za mama. Tulimpeleka Kibirizi moja kwa moja. Alimkuta mama amesimama, mgongo umenyooka, mikono juu ya wavu inageuza dagaa, kitochi kimebanwa kwenye kilemba karibu na sikio, anabishana na mtu kuhusu kapi jipya. Kaka alisubiri amalize, akachoka kusubiri, akaenda kuzungumza na wenzake. Begi lile lilirudi Dodoma limejaa dagaa na galoni la mawese, na mpaka leo kaka analalamika kwamba halijaacha kunuka.

Sasa wanatengeneza kichanja cha pili, cha mwenzake mama, yule wa maombi. Mimi siambiwi kitu. Nikimuuliza mama maendeleo, anasema muulize mkwe. Nikimuuliza shemeji, anasema hayo aliyazungumza na mama. Kofia nimeitundika msumarini kibandani, inanisaidia kufunikia redio.

Juzi mama alikuja Mwanga, akaketi kwenye benchi langu akaniwekea kitochi mezani. Spika imechoka, akasema, anamsikia mkwe kwa mbali. Nilikifungua, nikakisafisha, nikabadilisha spika. Ili kukijaribu nikapiga namba ya kwanza iliyokuwa juu. Ikapokelewa kabla mlio haujaisha, mashine ya kuchomelea ikazimwa kule, na shemeji akaongea kwa upole ambao kwangu hajawahi kuutumia.

"Mama, shikamoo. Magoti yameamkaje leo?"

Mama alikuwa hapo mbele yangu, anajisugua goti la kushoto, anatazama watu wanaopita sokoni. Nikafungua mdomo. Jibu nilikuwa nalo tayari, zuri, lenye heshima, limenyooka kabisa.

Nikaufunga. Nikampa mama simu yake.